Barua ya Askari Ni Amana ya Nani?

Ndugu zetu wasomaji walioko Mombasa, Malindi na Lamu huenda wakastaajabu kuona makala haya yametoka Gikomba, kwani mtu wa pwani akiijua Gikomba huijua kwa nguo za mitumba, kwa soko la samaki, na kwa moto ambao kila baada ya muda huunguza vibanda vya watu. Lakini atokaye Gikomba akatembea kwa miguu, nusu saa haitakwisha kabla hajapita mitaa iliyobeba majina ya vita. Iko Kariokor, ambalo ni jina la kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, Carrier Corps kwa kinywa cha Mwingereza, na vinywa vyetu vikalilainisha. Liko soko la nyama la Burma, upande wa Shauri Moyo, lenye jina la nchi ambako askari wetu walipelekwa kupigana na Wajapani. Na baina yake iko Pumwani na Majengo yake, mtaa uliotengwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, ukajaa Waislamu wa kila kabila, na wengine wakahamia humo Pangani ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Humo ndimo nilimozaliwa, na humo ndimo lilimotokea jambo nitakalolieleza.

Mas-ala yenyewe ni haya. Mtu aliyeko vitani ameandika barua kwa watu wake. Barua imefika, na mwenye kupelekewa hajui kusoma, akampa mtu amsomee. Je, msomaji huyo anayo rukhsa ya kubadilisha lililoandikwa, kwa kuwa lililoandikwa litamvunja moyo mwenye kusikia? Wengi wetu, tukiulizwa kwa ghafla, tutasema kwamba huruma ni bora. Mimi pia nilikuwa katika hao, mpaka nilipojua gharama ya huruma hiyo katika nyumba moja, na nikajua ni nani aliyeilipa.

Kwanza yatupasa tufahamu barua ya askari ilikuwa kitu gani katika vita vya 1939 hadi 1945. Kenya peke yake ilitoa askari wapatao 98,000, na wengi wao waliingia jeshini hawajui kuandika. Jeshi lilikuwa na kikosi chake cha elimu, na wako waliojifunza kusoma chini ya turubai. Lakini aliyekuwa hajajifunza bado alimwendea mwenziwe ajuaye kalamu akamwambia, Niandikie. Basi mambo ambayo mtu humwambia mkewe usiku aliyasema mchana mbele ya mwenziwe, na huyu akayaandika kwa namna aliyoiona yeye kuwa ndiyo adabu ya barua: salamu sana, na baada ya salamu, mimi ni mzima, khofu ni juu yenu ninyi mlio mbali na upeo wa macho yangu. Kisha barua ilipita kwa mkaguzi wa jeshi, naye akafuta kila neno lililoonyesha mahali walipo au waendako. Kisha ikapanda meli. Ilipofika Majengo ilimkuta mama aliyesoma msahafu wake wote lakini hazijui herufi za Kizungu, naye akamwita mtoto wa jirani aendaye skuli. Baina ya kinywa cha mwana na sikio la mama walikuwamo watu watatu au wanne, na kila mmoja wao aliweza kuongeza au kupunguza.

Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wa watoto hao. Mwaka 1945 alikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Alisomea barua nyumba nne au tano za uchochoro wetu, na ujira wake ulikuwa ni vitumbua, au senti tano mwisho wa mwezi. Katika nyumba hizo ilikuwamo ya mama mmoja ambaye mwanawe wa pekee alikuwa katika King's African Rifles, na mke wa mwana huyo, binti wa Mombasa, alikuwa akikaa na mamamkwe wake hapo hapo.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, baada ya kufundishwa Ceylon, ambayo leo huitwa Sri Lanka, iliingia Burma mwaka 1944, ikateremka bonde la Kabaw wakati wa mvua za masika ya huko, katika matope, malaria na ruba, hata Disemba ya mwaka huo ikauvuka mto Chindwin penye mji wa Kalewa. Mama yule hakujua hata jina moja katika majina haya. Alichojua ni kwamba barua za mwanawe, zilizokuwa zikija kila baada ya wiki sita au saba, zilikatika.

Mwezi wa pili wa 1945 ikaja barua. Mama akaishika tangu asubuhi akiwaonyesha watu, hata baba yangu aliporudi skuli akamkuta ameketi kibarazani, barua i mapajani, na uso wake umekunjuka kwa furaha. Akaifungua. Hati ilikuwa nyingine na jina la chini lilikuwa jingine. Iliandikwa na mwenziwe yule askari, mtu wa upande wa Machakos, tena Mkristo, na ndani yake mlikuwa na mambo matatu. La kwanza, kwamba mwana wa mama huyu amekufa katikati ya mwezi wa kumi na moja kwa jeraha, na Waislamu wa kikosi walimsalia kabla ya kumzika, naye mwandishi akasimama kando kwa heshima. La pili, kwamba kabla ya kufa alisema mkewe asiwekwe, aachiwe arudi kwao. La tatu, kwamba alikuwa akidaiwa shilingi 15 alizokopa Ceylon. Mwandishi akasema kuwa yeye hazitaki, ila marehemu ndiye aliyemshika mkono akamsisitiza aziandike.

Baba yangu aliuangalia uso wa mama, akaiangalia barua, akasoma, "Salamu sana, mama yangu mpenzi, na baada ya salamu, mimi ni mzima."

Sitaki msomaji amhukumu mtoto wa miaka kumi na moja. Kalamu haijaanza kumwandikia mtoto kabla ya kubaleghe, na mtu mzima gani kati yetu angeweza kuyasoma yale bila ya sauti kukwama? Lakini tendo lenyewe tuna haki ya kulipima hata kama mtendaji wake hana lawama. Tena tulipime kwa yaliyofuata, maana uongo wa huruma hupimwa siku zote kwa saa ile ulipotoka kinywani, na saa ile huwa mzuri kweli kweli: mama alicheka, akatoa sadaka, akampa kijana vitumbua vinne.

Mwezi wa tatu ikaja khabari kutoka Mombasa kwamba mama yake yule binti ni mgonjwa, anaomba mwanawe aje. Mamamkwe akakataa. Akasema mke hasafiri bila ya idhini ya mumewe, na mumewe yu hai, barua yake imesomwa juzi. Hakuwa mwanamke mbaya. Alihukumu kwa alichokisikia. Binti akakaa. Mwezi wa tano mama yake akafa Mombasa, na yeye hakuwahi hata kuliona jeneza. Mwezi wa saba ikaja karatasi ya serikali yenye tarehe ya kifo. Watu wakaketi wakahesabu kwa vidole. Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi, na kwa kauli ya wanavyuoni walio wengi huanza tangu siku aliyokufa mume, si siku ilipofika khabari. Kwa hiyo eda ya binti yule ilikwisha kitambo, mwezi wa tatu, naye hakuikaa hata siku moja. Siku ile ilipofika barua alikuwa amebakiwa na mwezi na kitu. Alikuwa akijipaka wanja na kufukiza udi akimngojea maiti.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama kidogo. Tumefundishwa kwamba uongo una mahali patatu uliporuhusiwa: vitani, katika kupatanisha watu waliogombana, na maneno ya mapenzi baina ya mke na mume. Watu huzichukua rukhsa hizi tatu wakazitanua kama nguo ya mpira, mpaka zikafunika kila neno wanalolionea haya. Lakini ukizitazama utaona kwamba katika kila moja, mwenye kusema hachukui haki ya anayeambiwa. Adui wa vitani hana haki ya kujua siri ya jeshi. Waliogombana hawapotezi kitu kwa kuambiwa kwamba kila mmoja amemtaja mwenziwe kwa wema. Mke anayeambiwa kwamba hapana mzuri kama yeye hajanyang'anywa mali. Yule binti alinyang'anywa. Alikuwa na haki ya kujua kuwa ni mjane, haki ya eda yake, haki ya mirathi yake, na haki ya kwenda kumuuguza mama yake. Zote nne zilikuwa ndani ya karatasi moja, na zote zilifungwa kwa neno moja la mtu aliyemhurumia mtu mwingine. Maana angalieni: huruma ilikuwa kwa mama wa askari, na gharama ikalipwa na mke wake.

Wako watakaosema: Mbona askari wenyewe walidanganya? Kweli walidanganya. Mtu alitetemeka kwa malaria na akaandika kuwa ni mzima. Mimi naona hapa pana tofauti iliyo wazi. Maumivu ya mtu ni yake. Akitaka kumfichia mama yake ni khiyari yake, na pengine ni wema. Mwenye khabari ni mwenye khabari. Lakini mwandishi, mkaguzi, mchukuzi na msomaji hawana khabari iliyo yao. Wao wamepewa waifikishe. Na hata mwenye khabari mwenyewe mlango huo haukufunguliwa wote: aweza kuyaficha maumivu yake, hawezi kulificha deni lake, kwani deni si lake peke yake. Yule askari akifa alilijua hilo kuliko sisi. Hakumwambia mwenziwe amwandikie mama yake jinsi alivyoumia, bali alimwambia aandike shilingi 15.

Na mkaguzi wa jeshi? Yeye alikuwa na udhuru wa vita, maana neno moja la mahali laweza kuzamisha meli. Watu wa Mombasa wanayo sababu ya kulijua hili kuliko wengine. Mwezi wa pili wa 1944 meli Khedive Ismail ilitoka Kilindini kwenda Colombo, na tarehe 12 mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani ikaipiga, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, na katika hao walikuwamo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Manowari za Kiingereza, zikiiwinda nyambizi ile, ziliangusha mabomu mahali pale pale walipokuwa wakielea waliookoka. Hiyo ni mas-ala nyingine, na nzito kuliko hii yetu. Ninachotaka kusema ni kwamba majina ya waliozama yamechongwa katika ukumbusho ulio katika makaburi ya vita ya Nairobi, kwenye barabara ya Ngong, na ndiyo yaliyo badala ya kaburi, kwani miili iko baharini. Siri ya meli kabla haijaondoka ina maana. Lakini meli ikisha kuzama, adui aliyeizamisha anajua zaidi kuliko mama aliyefiwa. Basi siri inayoendelea baada ya hapo anafichwa nani?

Tena si jambo dogo kwetu tulio katika madhehebu ya Imam Shafi. Mke ambaye mumewe amepotea, hajulikani yu hai au amekufa, Imam Malik humpa miaka minne tangu aliposhitakia kwa kadhi, kisha hukaa eda na kuwa huru. Imam Shafi katika kauli yake ya mwisho anasema mke angoje mpaka kifo au talaka ithibiti. Sitaki kuingia katika khitilafu ya wakubwa; ninasema tu kwamba kwa mwanamke wa pwani ambaye mumewe alipanda meli, kipande cha karatasi kilikuwa ndicho kitenganishacho baina ya kungoja maisha na kuishi.

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, barua za askari wa kawaida hazikuwa na mkaguzi kama wa vita hivi vya baadaye, na wengi walijua kuandika kwa mkono wao. Iko barua mashuhuri ya ofisa mmoja wa Rhode Island, Sullivan Ballou, aliyomwandikia mkewe Sarah tarehe 14 Julai 1861. Wiki moja baadaye akajeruhiwa katika vita vya Bull Run, akafa. Barua ile hakuipeleka posta. Ilikutwa katika vitu vyake. Hapo hapakuwa na mtu wa kati wa kuibadilisha, ila palikuwa na mtu aliyefungua sanduku la maiti, akaikuta barua isiyo yake, na angeweza kusema kuwa mjane amekwisha kulia ya kutosha, akaichoma. Amana huanza hapo, mahali ambapo hapana akuonaye.

Miaka saba baada ya vita vya Burma kwisha, vita viliingia ndani ya nchi yetu wenyewe, na ndugu akawa msituni na ndugu akawa Home Guard. Waruhiu Itote, aliyepigana Burma katika King's African Rifles, alikuwa ndiye Jenerali China wa msituni. Aliposhikwa Januari 1954 aliwaandikia barua wenziwe kuwataka wazungumze na serikali. Hati yake waliijua. Je, ni nani angewaambia kama maneno nayo ni yake, au ni ya mtu aliyefungwa? Aprili 24 mwaka huo huo jeshi liliizingira Nairobi, likakamata maelfu katika mitaa yetu hii ya mashariki, wengi wakapelekwa Manyani na Mackinnon Road, ambako treni ya Mombasa hupita, na barua kutoka humo nazo zilipita kwanza mbele ya macho ya mkaguzi.

Wala tusiseme kwamba hayo yamepita pamoja na karatasi na wino. Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011, na kambi ya El Adde iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016, jamaa walikaa siku nyingi wakipiga simu zisizopokewa, bila ya kuambiwa idadi ya waliokufa. Na wako vijana wa mitaa hii hii waliovuka mpaka wakaingia vita vile kwa upande mwingine. Mama zao hawakuleta khabari msikitini, kwa aibu na kwa khofu. Namjua mmoja aliyepata sauti ya simu kwa mwanawe mara mbili, kisha kimya, na mpaka leo hakuweka matanga wala hakuyakataa. Kaka yake kijana huyo humwambia mama kwamba amesikia kuwa yu hai. Sijapata kumuuliza amesikia kwa nani.

Nitaulizwa: Basi mtoto yule angefanya nini? Angefanya kama wafanyavyo wazee wetu wa mji. Msiba hutolewa kidogo kidogo. Angeikunja barua akasema, Hati hii imenishinda, nitampelekea mwalimu. Mwalimu angekwenda baada ya Isha na wanawake wawili watu wazima, na mama angeambiwa ameshikwa mabega. Kuchelewesha khabari mpaka apatikane wa kuipokea ni adabu. Kuibadilisha ni khiyana, hata ikiwa machozi yako ni ya kweli.

Mama yule hakumgombeza baba yangu. Watu walipouliza barua ile ya mwezi wa pili ilikuwa ya nani, baba alikimbia akajificha ukingoni mwa mto, nyuma ya Gikomba, hata magharibi. Aliporudi mama alikuwa kibarazani akamtazama, asiseme neno. Ila karatasi zilizofuata, za malipo ya marehemu, alimpelekea mtu mwingine amsomee. Baba aliniambia kwamba angependa kupigwa.

Binti alirudi Mombasa. Mama alifariki mwaka 1961. Barua baba aliichoma siku ile ile, lakini hakuyasahau maneno yake, na mambo mawili ya kwanza alikuja kumsomea mama, kwa moyo, kabla hajafa. La tatu hakulisema kwa yeyote mpaka alipoandika wasia wake. Humo alituachia jina la mtu wa Machakos, na kwamba katika mali yake zitolewe shilingi 15 za deni la mtu asiye jamaa yetu, kwa kuwa yeye ndiye aliyelizuia lisilipwe.

Tumemtafuta mtu huyo na wanawe bila ya kumpata. Nimewauliza wanavyuoni wawili kama shilingi 15 za 1944 zilipwe kwa hesabu yake au kwa thamani yake ya leo, kwani kwa hesabu hazinunui kitu cha maana. Mmoja alisema kwa hesabu, wa pili akasema kwa thamani. Nikaziweka kwa thamani. Fedha zimo katika bahasha, nyumbani kwangu. Ikiwa kati ya wasomaji yuko aliye na babu, au rafiki wa babu, aliyekuwa Burma na akapata kutaja kwamba alimkopesha fedha Mwislamu wa Majengo walipokuwa Ceylon, na aje katika darsa yetu baada ya sala ya alasiri, alitaje jina la babu yake. Mimi sitalitaja kwanza.